Walisema "nzuri sana", mbona hawaifungui?

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Busia, upande wa Uganda. Nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi na wenzangu wawili tumetengeneza programu ya simu kwa ajili ya wafanyabiashara wa mpakani. Kila asubuhi tunaweka habari fupi za sauti: bei za mahindi, mukene (dagaa), mayai na nyanya pande zote mbili, na foleni ya malori ilivyo. Pia kuna mahali pa watu kutumiana ujumbe. Kabla ya kuitoa tulizunguka sokoni tukawaonyesha watu kama arobaini, wote wakasema ni nzuri sana. Walioipakua wamepita mia tatu. Lakini wanaoifungua kila siku hawafiki ishirini, na wengine katika hao ni ndugu zetu. Mwenzangu mmoja anasema tubadilishe rangi na tuongeze video. Mwingine anataka tulipie matangazo redioni. Tufanye nini? Na lugha iwe Kiswahili, Kiingereza au Lusamia?"

Ndugu yangu, pesa ya matangazo irudishe mfukoni kwanza. Tangazo litakuletea mia tatu wengine wa kuipakua na kuiacha. Rangi nazo hazina kosa.

Tuanze na wale arobaini. Vijana watatu mnasimama mbele ya meza ya mama anayepanga nyanya, simu mpya mkononi, mnamwambia: mama, tumetengeneza kitu hiki, unakionaje? Ulitaka akujibu nini? Mtu akikualika chakula humwambii mbele ya wanawe kwamba mchuzi haukukolea chumvi. Unakula, unashukuru, unanawa, na kama hukupenda hurudi. Wale mia tatu wameshanawa.

Adabu hii haiko Busia peke yake. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Bangalore, India. Waliwaonyesha watu vitu viwili vya kuchezea video visivyo na tofauti, wakadokeza tu kwamba kimoja kimetengenezwa na huyu anayewahoji. Watu wakaelekea kukipenda cha mhoji mara 2.5 zaidi. Mhoji alipokuwa mgeni wa kutoka nje, anayeongea kwa mkalimani, ikawa mara 5. Hata pale cha mhoji kilipokuwa kibovu waziwazi, bado kilipata wa kukisifu. Kwa hiyo mtu akikwambia "nzuri", ihesabu kama salamu. Iitikie, kisha tazama mikono yake inafanya nini.

Kazi hii ina wazee wake. John Gould na Clayton Lewis, wa kampuni ya IBM, waliandika mwaka 1985 mambo matatu ambayo sijaona aliyeyapita: mjue mtumiaji kabla hujachora chochote, mpime kwa kumpa kazi halisi aifanye mbele yako, kisha rekebisha na urudie. Mwaka uliofuata Donald Norman na wenzake wa San Diego, Marekani, wakalieneza jina lake, usanifu unaomzingatia mtumiaji. Ninyi mliruka la kwanza, la pili mkalifanya kwa mdomo, na la tatu ndilo hili mnaloniuliza sasa. Hamjachelewa.

Barua yako ilinikuta nina safari ya Tororo, nikapindia Busia, nikakaa sokoni kutwa moja. Nilimwomba mama mmoja muuza mukene anisaidie. Sikumwambia kwamba nawajua. Nilisema: kuna programu ya bei, watu wanalalamika inawasumbua, nataka kujua inasumbua wapi. Sentensi hiyo iibeni. Mtu akishapewa ruhusa ya kulalamika tangu mwanzo, hana tena mwenyeji wa kumwonea haya.

Mama mwenyewe ana katochi, ile simu ya vitufe yenye tochi ambayo Watanzania huiita kitochi na majirani zetu wa ng'ambo ya geti huiita mulika mwizi. Katika katochi kuna laini ya Uganda, ndiyo yenye pesa zake. Simu janja ni ya mwanawe wa sekondari, na ina laini ya Kenya kwa sababu kijana anaona bando la upande ule linamfaa zaidi. Kioo kimepasuka kuanzia kona ya chini kulia, na sehemu hiyo haisikii kidole.

Programu yenu ikaomba namba ya simu kabla ya kuonyesha kitu chochote. Mama akataja ya Uganda, kijana akaiandika. Mkatuma tarakimu sita za kuthibitisha. Zikaingia kwenye katochi, nayo katochi ilikuwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, mwendo kama wa hatua sitini. Kijana akakimbia. Aliporudi, tarakimu ameziandika kiganjani kwa kalamu, muda ulikuwa umekwisha na programu ikamtaka aombe nyingine. Akakimbia tena. Safari ya tatu mteja akafika. Mama akachukua kopo la kupimia, akaniambia kwa upole kabisa, "Lakini ni nzuri, ssebo," yaani bwana.

Nadhani sehemu kubwa ya wale mia tatu wamepotelea hapo, kati ya meza na kibanda cha kuchaji. Ondoeni usajili mlangoni. Anayetaka kusikia bei ya mahindi hana sababu ya kujitambulisha. Redio haimwombi mtu namba. Mwombeni namba siku atakapotaka kutuma ujumbe wake wa kwanza, na hapo tarakimu zidumu dakika kumi badala ya moja. Faida nyingine ni kwamba namba msizozikusanya hamna wajibu wa kuzilinda. Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi hapa Uganda, na haiwaachi nje vijana watatu wenye kompyuta moja.

Sasa jiulizeni mtumiaji wenu ni nani. Mlipochora mlikuwa na mtu mmoja kichwani, mwenye simu moja, laini moja na kioo kizima. Mimi niliona watu wawili wenye simu moja na nusu. Kijana anasakinisha, anafungua, anagusa. Mama anasikiliza na kuamua. Saa za shule simu haiko. Kwa hiyo habari yenu ya saa moja asubuhi mama huipata jioni, mzigo ukiwa umeshauzwa.

Kushirikiana simu si jambo geni kwetu, na wageni walilijifunza hapa hapa. Katikati ya miaka ya 2000 Jan Chipchase, mtafiti wa Nokia, alizunguka Uganda akitazama watu wanavyotumia simu moja kijiji kizima. Akakuta kitu ambacho hakuna mhandisi aliyekibuni. Mtu wa Kampala ananunua kadi ya vocha, haiingizi kwenye simu yake. Anampigia mwenye simu ya kijijini, anamsomea namba za kukwangua. Mwenye simu anaziingiza kwake, anakata chake, na mama mzazi anapewa pesa taslimu mkononi. Watu wenyewe waliita hiyo sente, pesa. Kampuni ya simu ya MTN walipokuja na huduma yao rasmi ya kutuma pesa, Machi 2009, wengi wetu tulikuwa tumeshafanya mazoezi. Mwaka 2007 Nokia walitoa simu ya bei nafuu, Nokia 1200, yenye vitabu kadhaa vya namba ndani ya simu moja, pamoja na njia ya kuwekea kikomo gharama ya simu inayopigwa, ili mwenye kuazima asimalize salio la mwenye mali. Sifa zote mbili zilitokana na kutazama watu.

Ninyi mnaweza kuiga hilo kwa gharama ndogo. Kama mama na mwanawe wanatumia simu moja, ujumbe wa mama usitokee juu ya kioo wakati kijana anacheza mpira wa kwenye simu na wenzake. Wekeni jina la aliyetuma tu, maneno yabaki ndani. Na kitufe chenu kikubwa cha kucheza sauti kitoeni kona ya chini kulia. Najua kidole gumba hufika pale kwa urahisi, lakini ndipo vioo vya mtaani vinapoanza kufa.

Nije kwenye bando, kwa sababu hapa mna kosa ambalo halionekani mkiwa kwenye ofisi yenye waya wa intaneti. Kaa sokoni nusu saa utazame simu. Mtu anawasha data, ujumbe unamiminika, anasoma, anajibu, anazima. Tabia hii tuliifunzwa. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili kuingia kwenye mitandao ya kijamii, tukajua kuhesabu siku. Julai 2021 tozo hiyo ikaondoka, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe, tukajua kuhesabu MB. Facebook nayo ilifungwa Januari 2021, walioendelea kuingia wakapitia VPN, njia ya kuzunguka kizuizi, nayo inakula chaji na bando pamoja. Mtu wa namna hii haachi data wazi mchana kutwa ili programu yenu ipumue.

Programu yenu lakini inadhani data iko hewani saa zote. Ukigusa habari ya asubuhi data ikiwa imezimwa, kiduara kinazunguka. Kinazunguka tu, hakisemi kitu. Nilihesabu mpaka sekunde arobaini, kijana akaifunga na kwenda WhatsApp. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika tangu 1993 kwamba baada ya kama sekunde 10 za kungoja, akili ya mtu imeshahamia kwingine, na hakuwa anawaza mtu anayelipia kila MB. Fanyeni hivi: data ikiwashwa hata kwa dakika moja, programu ijichukulie habari yote ya siku na kuihifadhi, kisha icheze hata kama mtandao umezimwa. Ujumbe ulioandikwa data ikiwa imezimwa ukae foleni na uandikwe waziwazi "utatumwa ukiwasha data". Na kabla ya kupakua chochote, onyesheni ukubwa wake.

Ukubwa wenyewe niliupiga hesabu. Habari yenu ni ya dakika tatu, imerekodiwa kama muziki, kilobiti 128 kwa sekunde, kwa hiyo inafika karibu MB 2.9. Mtangazaji anayesoma bei ya mayai hahitaji ubora wa bendi. Ifungeni upya kwa Opus, njia ya kubana sauti ambayo imekuwapo tangu 2012 na haina malipo, kwa kilobiti 16. Dakika tatu zile zile zitakuwa KB 360, na neno "trei" litasikika kama linavyosikika leo. Hiyo ni kazi ya alasiri moja, nayo itawapa zaidi ya video zote mnazotaka kuongeza. Video msiziguse.

Mchana tulifanikiwa kuingia. Kijana akashika simu, akagusa, na sauti ya mtangazaji wenu ikatoka kwa spika kubwa, safi na yenye nguvu: mukene, bei ya jumla, leo asubuhi... Mbele ya meza alikuwa amesimama mteja, mkono uko kwenye pochi. Mama akaruka. Sijatia chumvi, aliruka, akaifunika simu kwa kiganja na kuikandamiza kwenye kanga yake mpaka ikanyamaza. Mteja akacheka, na bila shaka akaomba apunguziwe.

Mlitengeneza redio, na mkasahau kwamba bei ya jumla ni siri ya muuzaji. Ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, ukiisogeza simu sikioni, huhamia kwenye spika ndogo ya kusikilizia. Watu wanaijua ishara hiyo kwa mkono, hawana haja ya kufundishwa. Igeni bila haya. Sauti ianzie sikioni, anayetaka kuwasikilizisha jirani zake aguse mwenyewe kitufe cha spika. Chini ya sauti wekeni bei hizo kwa tarakimu kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, maana jua la saa sita mpakani halisomi kijivu chenu kile kizuri.

Sasa lugha, na hapa naona mnabishana juu ya jambo ambalo soko limeshaliamua. Siku ile nilisikia Kiswahili, Lusamia, Ateso, Luganda na Kiingereza cha madereva, mara nyingine vyote ndani ya mazungumzo ya gunia moja. Kiswahili ndicho kilichokuwa katikati. Kwa hiyo anzeni na Kiswahili, habari ya sauti ya Lusamia iongezwe mkipata msomaji mzuri. Sauti ni rahisi kuongeza kuliko kutafsiri vitufe vyote.

Ila Kiswahili kipi? Programu yenu inasema "Wasilisha" na "Mipangilio". Kijana wa sekondari alisimama kwenye "Wasilisha" kama mtu aliyefika geti akaulizwa hati. Andikeni "Tuma". Vitu vya mezani navyo viiteni anavyoviita mwenye meza. Samaki yule mdogo upande wetu ni mukene, wakivuka geti wanakuwa omena, na dereva kutoka Mwanza anawaita dagaa. Mtu akitafuta kwa jina lolote kati ya hayo aletewe bei ile ile. Kubwa kuliko majina ni kipimo. Mnasema "mahindi, elfu moja na mia mbili". Ya nini? Kilo au gorogoro, lile kopo la kupimia? Shilingi ya Uganda au ya Kenya? Mlipokuwa mnaandika mlijua, na msikilizaji hayumo kichwani mwenu. Bei bila kipimo na bila sarafu ni hatari, mtu anaweza kwenda na lori.

Picha nazo zina Kiswahili chake. Niliwahi kufanya kazi ya ujumbe wa sauti kwa shirika moja, wilayani huko kaskazini, tukaweka picha ya maikrofoni kwa anayetaka kurekodi. Mzee mmoja aliitazama sana, akauliza kwa nini mhindi wa kuchoma umewekwa kwenye mambo ya kliniki. Bahasha, iliyokuwa alama ya ujumbe, watu waliifungua wakitarajia mchango wa harusi. Tulikuwa tumelipa msanii pesa nyingi. Tangu siku ile siweki picha bila neno chini yake, hata kwa wasiosoma vizuri, kwa sababu karibu kila mmoja ana mtoto au jirani wa kumsomea mara ya kwanza. Na msiwafichie vitu ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu. Indrani Medhi na wenzake walilinganisha hilo India, wakaona watu wasiosoma hufanya vizuri zaidi kwenye orodha moja ndefu kuliko kwenye ngazi za menyu. Mimi ninayesoma pia napotea.

Kupima kwenyewe hakuhitaji fedha. Chorani vioo vyenu kwenye karatasi, kioo kimoja karatasi moja, mmoja wenu awe ndiye simu: mtu akigusa mchoro wa kitufe, wewe unabadilisha karatasi. Atakayeona mchoro wa kalamu ya risasi hatawaonea huruma kama anayeona kitu kilichokamilika. Mpeni kazi, msimpe maswali. Kwa mfano: mteja wa Kenya anataka magunia kumi ya mahindi kesho, tafuta bei ya leo kisha mjibu kwa sauti. Halafu nyamazeni. Akikwama hesabuni mpaka ishirini kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo, na yeyote atakayenyosha kidole kumwonyesha pa kugusa, aandike kwenye daftari kwamba hapo ndipo programu ilipovunjika.

Watu arobaini ni wengi mno kwa kazi hii. Nielsen na Thomas Landauer walipiga hesabu mwaka 1993 kwamba mtumiaji mmoja hufichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo, na watano hufikia kama 85. Watano wa aina moja, lakini. Muuza mukene, dereva wa lori aliyelala foleni, wakala wa forodha na kijana wa bodaboda ni aina nne. Msianze na wote. Anzeni na akina mama watano wa sokoni, rekebisheni, rudini kwa watano wengine.

Wenye katochi tupu, wasio na mtoto wa simu janja, msiwasahau, ingawa sasa hivi msikimbilie namba za nyota na reli. Hizo zina ada na vibali, mtamalizia akiba yenu huko kabla hamjajua kama habari yenyewe inatakiwa. Jaribuni kwanza kubipu. Mtu anabipu namba yenu, mmoja wenu anampigia na kumsomea bei kwa sekunde thelathini. Fanyeni kwa wiki mbili na watu kumi, kwa mkono. Mtajua wanauliza nini, saa ngapi, na kwa maneno gani. Hayo maneno ndiyo mtakayoyaweka kwenye vitufe.

Mkienda kwa mama wa mukene, meza yake iko mstari wa mwisho kabla ya njia ya malori. Nendeni baada ya saa nne, mzigo ukishashuka, na mpitie kwanza kibanda cha kuchaji mmchukulie katochi yake.